Unga wa vipaketi hautengenezi damu: seli shina zifundishwe hapa kwetu, kwa faida ya watoto wa SS

RURAMBO, milima ya kati ya Uvira. – Mama mmoja aliyeteremka kutoka Rurambo na watoto wanne, na ambaye sasa analala kwa jamaa iliyomupokea huku bondeni mwa Ruzizi, ameuza mbuzi wake wa mwisho. Pesa ya mbuzi hakununulia chakula wala kulipa shule. Alinunua vipaketi vya unga. Muuzaji alimwambia kwamba unga huo una "seli shina", kwamba unatoka mbali sana, na kwamba mtoto wake wa tatu, yule anayelia kwa maumivu ya mifupa kila majira ya baridi, atatengenezewa damu mpya ndani ya mwezi mmoja. Mwezi umepita. Mtoto angali na macho ya manjano, na juzi usiku alilia tena mpaka asubuhi.

Mtoto wa dada yake, kijana anayesoma udaktari Bukavu na ambaye vita ilimukatia njia ya masomo, ndiye alisoma maandishi ya kipaketi kwa sauti. Halafu akasema: "Mama mdogo, hii haitengenezi damu." Mama akauliza: "Sasa ni nini inatengeneza damu, mtoto wangu?"

Ulizo hilo ndilo kichwa cha habari hii. Tangu vita ivunje vijiji vya milima, wahami wanaulizwa mambo mengi: majina, hesabu ya watoto, wametoka kijiji gani. Wao wenyewe wanapouliza kitu, mara nyingi anayejibu ni muuzaji peke yake. Kijana yule alichukua karibu saa mbili kumujibu mama yake mdogo, akichora kwa kijiti kwenye udongo. Jambo la kushangaza ni kwamba alipomaliza alikiri kwamba zaidi ya nusu ya yale aliyoeleza hakuyapata darasani. Aliyasoma usiku kwenye simu, wakati kuna umeme na kuna mega.

Damu inatengenezwa ndani ya mifupa. Katikati ya mfupa wa nyonga, wa kifua, wa mbavu, kuna ute unaoitwa uboho, na ndani ya uboho kuna seli chache ambazo kazi yao ni kuzaa nyingine. Hizo ndizo seli shina za damu. Wanafunzi wa Bukavu huziita kwa Kifaransa cellules souches. Mkulima wa Rurambo hahitaji darasa refu ili aelewe. Ukikata mgomba uliokwisha kuzaa, shina lililo chini ya udongo linatoa machipukizi. Ukikata majani, shina lipo. Lakini shina likiwa na ugonjwa, kila chipukizi litatoka na ugonjwa, hata ukipalilia namna gani. Mwili wa mtu mzima unatoa chembe nyekundu za damu karibu milioni 2 kila sekunde moja, na kila chembe inaishi siku 120 hivi. Kwa mtoto mwenye anemi SS, ambayo ndugu wa Tanzania wanaiita selimundu, chembe zinapinda kama mundu, zinakwama ndani ya mishipa midogo, na zinakufa ndani ya siku 10 mpaka 20. Pale zinapokwama ndipo maumivu yanapotoka. Zinapokufa haraka, damu inapunguka na macho yanakuwa manjano.

Sababu ni kosa dogo kabisa katika maandishi ya urithi. Katika mnyororo mmoja wa ile protini inayobeba hewa ndani ya damu, mahali pa sita, kitu kimoja kimewekwa badala ya kingine. Basi. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba ugonjwa huu unatoka ndani ya hiyo protini yenyewe, na Vernon Ingram akaonyesha mahali hasa miaka michache baadaye. Na kwa nini kosa hili limejaa kwetu kuliko kwa Wazungu? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza mwaka 1954, baada ya kupima watu wa Afrika ya Mashariki: mtu mwenye kosa hilo upande mmoja tu, yule wa AS, malaria haimuui kwa urahisi. Mbu wa pwani za maziwa na mabonde ndio waliochagua, kwa maelfu ya miaka, nani aishi. Hakuna ulozi ndani yake. Hakuna laana ya ukoo.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ndoa nyingi zimevunjika juu ya jambo hili. Mama anarudishwa kwao kwa sababu "anazaa watoto wa kufa". Lakini mtoto hawezi kuwa SS bila kupokea S moja kwa mama na S nyingine kwa papa. Wazazi wawili wa AS, wote wazima, wanaolima na kubeba mizigo bila shida, kila mimba yao ina nafasi moja juu ya nne ya kutoa mtoto wa SS, nafasi mbili juu ya nne za AS, na moja ya AA. Papa anayemufukuza mama kwa sababu ya mtoto wa SS amebeba nusu ya sababu ndani ya damu yake, na ataipeleka kwa mke wa pili.

Kongo ni kati ya nchi tatu za dunia zinazozaa watoto wengi zaidi wenye ugonjwa huu, pamoja na Nigeria na India. Huko Kinshasa, profesa Léon Tshilolo na wenzake walipima watoto wachanga zaidi ya 31,000, na mwaka 2009 wakatangaza kwamba karibu 1.4 juu ya 100 walikuwa SS, na karibu 17 juu ya 100 walikuwa AS. Hesabu hizo ni za Kinshasa. Lakini mtu yeyote aliyefanya kazi katika kituo cha afya cha bonde la Ruzizi anajua kwamba watoto hawa wapo hapa pia, na kwamba wengi wanazikwa kwa jina la malaria. Wataalamu wamekadiria kwamba, katika Afrika, pale ambapo hakuna matunzo, kati ya watoto 50 na 90 juu ya 100 wenye SS hawafikishi miaka mitano.

Sasa kuhusu seli shina zenyewe. Ni kweli, na ndiyo sababu uongo wa wauzaji unapata masikio: ugonjwa huu unaweza kupona kwa njia ya seli shina. Mwaka 1984, huko Marekani, madaktari walitangaza habari za mtoto aliyekuwa na SS na pia kansa ya damu. Walimupandikiza uboho wa ndugu yake kwa ajili ya ile kansa, na SS nayo ikaondoka. Shina la zamani lilitolewa, shina jipya likapandwa, machipukizi yakatoka mazima. Tangu hapo mamia ya watoto wamepona hivyo. Mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, na kila ndugu ana nafasi moja juu ya nne ya kulingana. Hata ndugu wa AS anaweza kutoa. Familia za kwetu zina watoto wengi. Kwa jambo hili moja, wingi huo ni utajiri.

Na si lazima kwenda Ulaya. Kuanzia mwaka 2023, hospitali ya Benjamin Mkapa mjini Dodoma, Tanzania, inapandikiza uboho kwa watoto wenye selimundu. Muhimbili, kwenye tawi lake la Mloganzila, Dar es Salaam, walianza kupandikiza uboho mwaka 2021 kwa wagonjwa wa kansa fulani ya damu. Mtu anayesimama kwenye bandari ya Kalundu na kutazama ziwa anatazama upande wa Kigoma bila kujua kwamba reli inayoanzia pale inapita Tabora na kufika Dodoma. Kwa ramani ni karibu kuliko Kinshasa. Tanzania haikufika huko kwa siku moja. Profesa Julie Makani na wenzake walianza mwaka 2004 kuandikisha wagonjwa wa selimundu pale Muhimbili, mmoja mmoja, na kuwafuata mwaka baada ya mwaka, wakati ambapo hakukuwa na habari yoyote ya kupandikiza. Walianza na daftari. Walifundisha vijana. Kupandikiza kumekuja karibu miaka 20 baadaye.

Kuna pia njia mpya zaidi. Mwezi wa 11 mwaka 2023 Uingereza, na mwezi wa 12 Marekani, ziliruhusu dawa inayoitwa Casgevy. Wanachukua seli shina za mgonjwa mwenyewe, wanakata maandishi ya urithi mahali fulani kwa chombo ambacho kiliwapatia Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna tuzo ya Nobel mwaka 2020, halafu wanazirudisha mwilini. Mgonjwa anaanza tena kutengeneza ile damu aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, ambayo haipindi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Hesabu hiyo iachwe hapo ilipo.

Basi muuzaji wa vipaketi alisema uongo gani? Alichukua neno la kweli akalitia ndani ya unga. Seli ya tunda, hata ingekuwa hai, haiwezi kuwa damu ya mtu. Na kitu chochote kinachomezwa kinapita tumboni, na tumbo linakisaga kama linavyosaga fufu. Kupandikiza uboho kunahitaji hospitali, dawa kali za kuondoa shina la zamani, wiki nyingi za kulala peke yako kwenye chumba safi, damu ya kuongezewa kila wakati, na hatari ya kufa ambayo daktari mwaminifu atakutajia mbele. Yeyote anayeuza "seli shina" kwenye chupa, kwenye kipaketi, au kwenye kundi la WhatsApp, anauza jina tu. Biashara hii imeenea katika miji mingi ya Afrika. Inapendeza watu waliokimbia kwa sababu haiulizi karatasi yoyote wala haingojeshi mtu kwenye mstari.

Watasema wengi, na wanasema kwa haki: Rurambo hakuna hata parasetamoli, wagonjwa wanateremshwa kwa kipoyi mabegani mwa vijana, wengine wanafia njiani. Uvira yenyewe inarudiliwa na kipindupindu mwaka hata mwaka kwa sababu ya maji. Seli shina ni masomo ya watu walioshiba. Kwa nini kijana apoteze miaka yake juu ya hayo, badala ya kujifunza kutibu kuhara?

Jibu la kwanza ni kwamba hatua zote zinazomukinga mtoto wa SS leo zimetoka kwa watu waliosoma damu mpaka kwenye shina lake. Chukua hidroksiyurea. Ni kidonge. Kinaenda kwenye uboho na kufanya seli shina zitoe ile damu ya utotoni kwa wingi zaidi. Watu walikuwa na hofu ya kukitumia Afrika, wakidhani kitaongeza malaria na magonjwa mengine. Tshilolo wa Kinshasa na wenzake wa Luanda, wa Kilifi nchini Kenya na wa Mbale nchini Uganda walikijaribu kwa watoto zaidi ya 600 wa mwaka 1 mpaka 10, na matokeo yakatoka mwezi wa kwanza 2019. Maumivu makali yalipunguka zaidi ya nusu: kutoka mara 98 hivi kwa watoto 100 kwa mwaka mpaka 45. Malaria, badala ya kuongezeka, ilipunguka kutoka 47 mpaka 23. Kuongezewa damu, kutoka 43 mpaka 14. Vifo, kutoka 3.6 mpaka 1.1. Jina la kwanza kwenye kazi hiyo ni la Mkongomani. Lakini ni wangapi katika milima ya Uvira, hata kati ya waganga, wamekwisha kuandikia mtoto kidonge hicho na kumufuata kwa vipimo vya damu kama inavyotakiwa? Dawa ipo, si ya mamilioni. Kinachokosekana ni mtu aliyefundishwa.

Jibu la pili ni la karibu zaidi. Tiba ya kurudisha viungo haikuanza kwenye mashine. Mtoto anapoangukia moto kwenye kibanda cha wahami, na ajali hizo zinajulikana kwenye kila kambi, daktari wa upasuaji anatoa ngozi nyembamba kwenye paja na kuibandika kwenye kidonda. Ngozi inashika kwa sababu chini yake kuna seli shina za ngozi. Mwaka 1975, huko Marekani, Howard Green na mwenzake walionyesha namna ya kuzalisha seli hizo kwenye sahani. Miaka 40 baadaye, mwaka 2015, mtoto wa miaka 7, mkimbizi wa vita ya Syria, aliletwa kwenye hospitali ya majeraha ya moto ya Bochum, Ujerumani. Ugonjwa wa urithi ulikuwa umemutoa sehemu kubwa ya ngozi, alikuwa anakufa. Michele De Luca na wenzake wa Modena, Italia, walichukua kipande cha ngozi yake kidogo kuliko kiberiti, wakarekebisha kosa, wakaizalisha, wakamuvika karibu 80 juu ya 100 ya mwili wake. Alirudi shule. Mtoto wa wakimbizi ndiye dunia nzima ilijifunzia jambo hilo. Wahami wa Rurambo wanaodhani kwamba elimu kubwa haiwahusu watu waliolala chini ya shiti wanaweza kumukumbuka huyo.

Jibu la tatu ni la historia ya kwetu. Si mbali na Rurambo, kwenye milima hiyo hiyo, kuna hospitali ya Lemera. Tarehe 6 mwezi wa 10, 1996, ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wafanyakazi. Daktari aliyekuwa anaiongoza, Denis Mukwege, alinusurika, na mwaka 1999 hospitali ya Panzi ikaanza kazi Bukavu. Huko wakajifunza kushona upya miili ya wanawake waliochanwa, kwa ustadi ambao watu wa mbali wanakuja kuusoma. Mwaka 2018 akapewa Nobel ya amani. Ustadi huo haukungoja amani wala barabara nzuri. Ulitoka pale pale kwenye kidonda. Anayesema kwamba sayansi ya juu haiwezi kuota kwenye nchi ya vita hajaitazama Panzi vizuri.

Kwa hiyo dai la habari hii ni hili, na lisemwe wazi. Vyuo vikuu vya Kivu ya Kusini, vile vyenye vitivo vya udaktari pale Bukavu na zile shule za juu za uganga, ziweke somo la damu na seli shina mahali pa mbele, na lianzie kwenye ugonjwa wa SS. Lisiwe kurasa mbili za mwisho ambazo mwalimu anasema "mtasoma wenyewe". Liwe somo lenye wagonjwa, lenye vipimo, lenye daftari la watoto wa mkoa. Hakuna anayeomba leo chumba cha kupandikiza uboho Uvira. Chumba hicho kinahitaji umeme usiokatika, na umeme wa Ruzizi kila mtu anaujua. Kutunza seli kunahitaji joto la digrii 37 usiku na mchana, na kuzihifadhi kunahitaji baridi ya digrii 196 chini ya sifuri. Lakini kuna mambo ambayo darubini moja na mwalimu mmoja mwenye moyo wanaweza.

Mfano ni kipimo. Vituo vingi vinatumia test ya Emmel: tone la damu linafungwa chini ya kioo, linangojewa, chembe zinaonekana zikipinda. Ni rahisi, lakini inadanganya kwa njia mbili. Haitofautishi AS na SS, na kwa mtoto mchanga haiaminiki kwa kuwa angali na damu ya tumboni. Wazazi wanarudi nyumbani na jibu "pozitif" bila kujua kama mtoto ni mgonjwa ama ni mbebaji tu, na ndipo maneno ya ulozi yanapoanza. Elektroforezi inatofautisha, ila ni ya mjini. Sasa kuna vipimo vya haraka, tone moja kutoka kwenye kidole au kisigino, jibu ndani ya dakika chache, bila umeme. Kama mtoto anapimwa mapema, anaweza kupewa penisilini kila siku. Tangu 1986 inajulikana kwamba hiyo peke yake inazuia sehemu kubwa ya maambukizo yanayoua watoto wa SS. Anachanjwa. Analala ndani ya chandarua. Anakunywa maji mengi, anavikwa vizuri kwenye baridi ya milimani. Halafu hidroksiyurea. Halafu, kwa wachache, Dodoma. Huo ndio mfululizo, na mwanafunzi wa seli shina ndiye angeueleza wote kwa mama wa Rurambo kwa Kiswahili, kwa Kifuliiru, kwa Kinyamulenge, kwa Kivira.

Kuna wachungaji na mapadri wanaosikia neno seli shina na kufikiri juu ya mimba. Wasiwasi wao una msingi wake: mwaka 1998, James Thomson wa Wisconsin alipata seli shina kutoka kwenye viini-tete, na ubishi haujaisha. Lakini seli za uboho zinatoka kwa ndugu aliye hai anayeamka kesho yake na kurudi kwao. Na mwaka 2006 Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha kwamba seli ya ngozi ya panya inaweza kurudishwa kuwa kama seli shina kwa kutumia jeni nne, mwaka uliofuata akafanya kwa seli za mtu, na 2012 akapata Nobel pamoja na John Gurdon. Mchungaji akihubiri juu ya hayo, ahubiri akijua yote mawili.

Wanafunzi wenyewe wako katika hali gani? Tangu Bukavu ichukuliwe na M23 mwezi wa pili 2025, kijana wa Uvira anayesoma huko anakata mstari wa vita kila anapotaka kuona wazazi. Mabenki yalifungwa, pesa za masomo zikapita kwenye simu kwa gharama, wengine walivuka Ruzizi kuingia Burundi na mpaka leo hawajarudi darasani. Na kabla ya hapo, kule milimani, kuna shule zenye kitengo cha biyo-shimi ambazo hazina darubini hata moja. Mtoto anafanya Egzameni ya Serikali akijua seli kama mchoro wa chaki ubaoni. Halafu watu wanacheka anaposema anataka kusoma seli shina. Kijana wa habari hii amechekwa na wenzake, na pia na mjomba wake, aliyemuuliza kama seli hizo zitamulipia mahari. Mzaha wa kwetu, lakini una uzito: jamaa ikiuza ng'ombe kwa ajili ya masomo, inataka ione mganga mwenye blauzi nyeupe kijijini, haraka. Mtafiti hauonekani mshahara wake.

Mashirika yanayogawa misaada kwa wahami yanaweza kuanza na jambo dogo: kwenye orodha zao za watoto wenye utapiamlo, waongeze kipimo cha SS. Mtoto wa SS anakonda pia, na kumupa unga wa lishe bila kujua damu yake ni nusu ya kazi. Serikali ya mkoa, popote inapokaa kwa sasa, iwaandike wanafunzi wachache kwenda kujifunza Muhimbili au Dodoma na kurudi; lugha wanayo tayari, jambo ambalo hawangelipata Ubelgiji. Na redio za jamii ziache kupitisha matangazo ya vipaketi. Pesa ya matangazo hayo inatoka kwenye mbuzi wa mtu.

Juma lililopita mama yule alimufuata kijana mpaka kwenye kituo cha afya. Watoto wote wanne walichukuliwa damu, na yeye mwenyewe. Papa wao alikataa siku ya kwanza, siku ya pili akaja bila kusema neno, akatoa mkono. Mtoto wa tatu ni SS, kama ilivyotarajiwa. Wa kwanza na wa nne ni AS. Wa pili ni AA. Wazazi wote wawili ni AS, na mganga aliwasomea karatasi hizo pamoja, wakikaa kwenye benchi moja. Mama alizikunja, akazitia ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi yake ya uchaguzi, akauliza kama Kalundu kungali kuna mashua ya Kigoma. Vipaketi viwili vilivyobaki ameviacha juu ya meza ya mganga.